Leta ikichelewa kukata rufaa

Niligusia hapa jinsi Mahakama ya Juu ya India inavyotupa rufaa za Leta, yaani serikali, zilizochelewa bila maelezo. Ujumbe umekuja mwingi kutoka pande zote za Lubumbashi. Najibu huu.

Papa, jambo. Kweli Leta inaweza kufungiwa mlango na majaji wake yenyewe? (Baba, Katuba)

Jambo, baba. Inafungiwa. Mwaka 2012 idara ya posta ya India ilifika mbele ya majaji hao kupinga hukumu ya Mahakama Kuu ya Delhi, ikiwa imechelewa siku 427. Tazama karatasi zao wenyewe: hukumu ilitoka tarehe 11 Septemba 2009. Nakala waliiomba tarehe 8 Januari 2010, wakaipata siku ileile! Karibu miezi minne hakuna aliyejisumbua kufika dirishani. Kujitetea, wakasema faili ilikuwa inapita meza kwa meza. Majaji wakajibu kwamba muda wa sheria unambana kila mtu, serikali ikiwemo, na rufaa ikaishia hapo.

Mbona nasikia zingine zinasamehewa? (Mama, Kamalondo)

Ni kweli, mama. Sheria yao ya mwaka 1963, kifungu cha 5, inamruhusu jaji kumpokea aliyechelewa akionyesha sababu ya kutosha. Mwaka 1987, katika kesi ya fidia ya ardhi huko Kashmir, serikali ilikuwa imechelewa siku 4. Ikapokelewa, na majaji wakasema ofisi za Leta zina mwendo wake, zivumiliwe. Siku 4 sina ugomvi nazo. Ila mawakili wa serikali waliigeuza hukumu ile kuwa ruhusa ya kulala. Septemba 2025 ilifika zamu ya bodi ya nyumba ya jimbo la Karnataka: siku 3,966. Mahakama Kuu ya jimbo ilikuwa imesamehe, Mahakama ya Juu ikaufuta msamaha huo. Mama, mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu angekuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi.

Rufaa ikitupwa, mali ya raia wote inapotea kwa uzembe wa ofisa mmoja. Hiyo ni haki? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Hili ndilo swali lenyewe, kijana wangu. Mwaka 2020 jimbo la Madhya Pradesh lilileta rufaa iliyochelewa siku 663, na majaji wakasema hadharani yale ambayo watu husema chinichini. Kuna rufaa haziletwi ili zishinde. Ofisa anajua kesi imekufa, anaipeleka hivyohivyo, inakataliwa, kisha anachukua karatasi ya kukataliwa na kuibandika kwenye faili: tulijaribu, mahakama haikutaka. Hakuna wa kumuuliza tena. Majaji waliziita kesi za cheti. Jimbo likatozwa rupia 25,000, kwa agizo kwamba zitoke kwa maofisa waliochelewesha.

Kwa mtu wa cheo hizo ni pesa za chai, lakini njia ni sahihi. Mahakama ikipokea kila rufaa iliyolala, aliyelala haguswi. Anayeumia ni raia aliyeshinda, anayezeeka na hukumu mkononi. Na tusijifanye watoto: faili inaweza kulala kwa sababu kuna aliyelipa ili ilale. Huyo anatafutwa ndani ya ofisi, si kwa kumwongezea mshindi miaka ya kungoja.

Avoka (wakili) wangu anaweza kutumia hukumu hizo hapa kwetu? (Kampemba)

Kuzitaja, ndiyo. Hazimfungi jaji wetu.

Nilishinda kesi ya parseli (kiwanja) yangu. Siku za rufaa zinahesabiwa tangu lini? (Mama, Ruashi)

Hongera, mama, lakini usicheze bado. Kanuni yetu ya mwaka 1960 kuhusu kesi za madai inatoa siku 30 za rufaa. Kama pande zote mbili zilikuwa kwenye kesi, hesabu inaanza siku mpinzani wako anapofikishiwa hukumu rasmi na uisye, yule mpeleka karatasi za mahakama, si siku iliposomwa. Wengi hushinda, wakaifungia hukumu kabatini, halafu baada ya miaka wanashangaa kuona rufaa. Muda ulikuwa haujaanza hata kidogo! Nenda grefi, ofisi ya karatasi za mahakama, chukua nakala, mlipe uisye aipeleke, na karatasi anayokurudishia isome mbele yake: tarehe ipo? Jina na saini ya aliyepokea zipo? Kama aliyepokea ni ofisi ya Leta, dai na muhuri wao. Na kama ulichopinga ni uamuzi wa ofisi ya serikali, muda ni mwingine. Hiyo muulize avoka wiki hii hii.