Maswali ya Wasomaji: /boot imejaa, nifute nini?

SWALI: Nina steshenari Kirumba, Mwanza, na kompyuta ya kazi ni ya Ubuntu. Masasisho yanagoma, naambiwa /boot, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia kompyuta, imejaa. Nikiandika sudo apt autoremove naletewa orodha ya kerneli (kiini cha mfumo) za zamani, lakini ffmpeg nayo imo, na kila siku naitumia kupunguza ukubwa wa video za harusi za wateja. Kdenlive, programu ya kuhariri video, niliiondoa mwezi uliopita. Nikubali, au niingie /boot nifute kwa mkono?

JIBU: Kwa mkono usiguse, tafadhali. Ukifuta faili za /boot kwa amri ya rm, mfumo unaendelea kuamini kwamba vifurushi vyake vya programu vipo, na masasisho yajayo yanaweza kukwama tena. Ukikosea kerneli, kompyuta haiwaki.

Kuhusu ffmpeg: iliingia imebebwa na Kdenlive, kwa hiyo apt, programu ya Ubuntu ya kuweka na kuondoa vifurushi, iliiandika kuwa tegemezi. Kdenlive ilipoondoka, ikabaki haina mwenyewe. Kwamba wewe unaitumia kila siku, apt haina habari. Iambie:

sudo apt-mark manual ffmpeg

Sasa zima na kuwasha kompyuta, iamke na kerneli mpya. Amri ya uname -r itakuonyesha ni ipi. Autoremove haiondoi kerneli inayotumika muda huo. Kisha jaribu bila kufuta kitu:

apt -s autoremove

Soma mistari inayoanza na Remv, jina kwa jina. Jina lolote unalolitumia, lipe apt-mark kama ffmpeg. Ukiridhika, sudo apt autoremove --purge. Hiyo --purge huondoa na mipangilio iliyoko /etc. Kazi za wateja zilizo ndani ya /home haziguswi. Utaulizwa [Y/n], na Y hiyo ni kubwa: ukibonyeza Enter tu, umeshakubali. Umeme ukikatika katikati, ukirudi anza na sudo dpkg --configure -a.

Wengi watakushauri apt clean. Haitakusaidia hapa, kwa sababu inasafisha /var/cache/apt/archives, si /boot. Kama diski kuu nayo imebanwa, ifanye, ila ukiwa na kompyuta ya pili yenye toleo lilelile la Ubuntu, nakili kwanza faili za .deb (vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa) zilizomo humo kwenye flashi, usije ukaunguza bando mara mbili.

Ukigundua baadaye kwamba kimeondoka kitu ulichokihitaji, jina lake limeandikwa ndani ya /var/log/apt/history.log.