Zambarau hazijashusha kitu, umeondoa boflo

Yakhe, usianze kesho. Umesema bimkubwa wako yuko Wete, ana sukari, anameza metformin, dawa ya sukari, na kidonge chengine cheupe usichokijua jina. Unataka umwondoshee boflo la asubuhi, umpe bakuli la zambarau kwa wiki mbili, uone mashine ya kupimia sukari inasomaje. Tena dawa uziweke kando "ili majibu yasichanganyike". Majibu hayo yatachanganyika kuliko urojo.

Karibu nusu ya uzito wa boflo jeupe ni wanga. Akila gramu 80 kwa chai, kaingiza wanga kama gramu 40. Zambarau gramu 150 bila kokwa zina kama gramu 22. Ukitoa kimoja ukaweka chengine, umepunguza wanga karibu nusu, na sukari baada ya kula itashuka tu. Ingeshuka vilevile ungempa kipande cha papai. Wewe utakuja kutangaza zambarau zinatibu, na watu watakuamini kwa sababu umeweka picha ya mashine.

Kosa hilohilo limenilia chupa nzima ya stripu, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu kwenye mashine, na aliyenitia humo ni muuza unga wa kokwa za zambarau. Ana daftari, ati ushahidi: sukari ya mteja kabla, sukari ya mteja baada. Namba ni za kweli, ndiyo maana zinanasa watu. Asilolisema mpaka ushalipa ni kwamba kila mteja huambiwa aache boflo, wali na soda muda wote anaotumia unga. Wallahi mtu akiacha soda, hata akitafuna mswaki sukari itashuka! Mswaki kwa bei ile hauuziki, basi ikabidi uwe unga.

Kwa hiyo shika hili, mengine ukisahau shauri yako: mlo ubaki uleule, kibadilike kitu kimoja tu.

Siku zote za kupima ale boflo gramu 60 na chai isiyo sukari. Siku ya zambarau mwongezee zambarau gramu 150, zilizopimwa baada ya kutolewa kokwa. Mizani ya jikoni inatosha. Siku isiyo ya zambarau mwongezee papai bivu gramu 200, ambalo wanga wake unakaribia ule wa zambarau. Papai usiliruke. Bila yake unalinganisha mlo mkubwa na mlo mdogo, na umerudi kulekule kwa mwenye daftari.

Siku tatu za zambarau, tatu za papai. Andika vikaratasi sita, vikunje, mtoto avichague kimoja kimoja, ndio upate mpangilio. Usiziweke zambarau zote mwanzo, kwani siku za mwisho mama atakuwa keshazoea kupimwa na keshaanza kujichunga mwenyewe. Chakula cha usiku na saa ya vidonge visibadilike. Pima kabla ya tonge la kwanza, halafu dakika ya 30, ya 60 na ya 120 tangu aanze kula. Hivyo ni vipimo 24. Chupa ya stripu 50 inakutosha na za kurudia zinabaki.

Sasa vidole. Zambarau ikishikwa inaacha rangi, hiyo utaiona. Sukari yake iliyoganda kwenye ngozi huioni, na tone la damu likipita hapo mashine inasoma juu. Osha kwa maji na sabuni. Spiriti usiitegemee, haiondoi sukari yote. Kausha vizuri, maana maji yakibaki yanaizimua damu, na ukikikamua kidole kwa nguvu yanatoka majimaji ya nyama, namba nayo inaharibika. Ukitoa stripu funga chupa papo hapo. Kwa unyevu huu wetu, chupa iliyolala wazi ni ya kutupa.

Kisha namba zenyewe. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, kinairuhusu mashine kukosea hadi asilimia 15 juu au chini, sukari ikifika 5.55 mmol/L na kuendelea. Kwa hiyo 10.0 yaweza kuwa 8.5, yaweza kuwa 11.5. Usinipigie kelele kwa tofauti ya 0.6 ya siku moja. Chukua wastani wa siku tatu kwa siku tatu, dakika kwa dakika.

Watafiti wenyewe hawamnyang'anyi mtu boflo. Utafiti wa bluberi, tunda dogo la buluu, uliotoka Marekani mwaka 2010 ulikuwa na watu wanene 32 ambao insulini yao haifanyi kazi sawasawa. Kundi moja lilipewa unga wa bluberi gramu 45 kwa siku ndani ya kinywaji, jengine kinywaji kama hicho bila bluberi, wiki sita. Kilichoboreka ni mwili kuitikia insulini, na kilipimwa kwa sindano za mshipani maabara, si kwa kidole. Na zambarau? Brazil mwaka 2006 waliijaribu chai ya majani yake dhidi ya glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari. Kidonge kilishusha sukari, chai haikushusha. Muuza unga hilo hana kwenye daftari.

HbA1c, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari, usiipime kwa jaribio fupi kama hili, inabeba miezi miwili mitatu ya nyuma. Mwenye selimundu au upungufu wa damu inaweza kumdanganya kabisa.

Dawa usiziguse. Metformin peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari kupita kiasi. Ninachokiogopa ni hicho kidonge cheupe. Kikiwa glibenclamide, kinaisukuma kongosho itoe insulini, awe kala au hajala. Kameza, na wewe boflo umeliondoa: jasho, mikono inatetemeka, maneno yanapotea. Mashine ikisoma chini ya 4.0, mpe sukari gramu 15 ndani ya maji, pima tena baada ya dakika 15. Zambarau hapo hazina kazi.

Ipige picha paketi ya hicho kidonge, uiweke hapa leo usiku.