Maswali ya wasomaji: Kiuno cha mcheza gofu

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 46, napiga kwa mkono wa kulia. Nikifika shimo la 12 au 13, kiuno upande wa kulia kinaanza kubana, na nikimaliza mzunguko naona taabu hata kuinama kufunga kamba za viatu. Nakandwa mgongo kila wiki. Napata nafuu siku mbili, kisha yaleyale. Fiziotherapia itanisaidia, au niache tu gofu?

JIBU: Usiache, kaka. Kukanda kunalegeza misuli iliyokaza, na nafuu unayoipata ni ya kweli. Ila kinachoikaza hakijaguswa, na mara nyingi hakiko kiunoni.

Kiuno kina pingili 5, na kila moja huzunguka nyuzi 1 hadi 3 tu. Ukivuta fimbo nyuma, mabega yanageuka karibu nyuzi 90. Mzunguko huo unatakiwa utoke kwenye nyonga na kwenye mgongo wa juu, nyuma ya kifua. Hivyo viwili vikiwa vigumu, kiuno ndicho kinachodaiwa. Tena kinadaiwa kwa kasi: fimbo hushuka ndani ya robo hadi theluthi ya sekunde, na mgandamizo kiunoni umewahi kupimwa ukafika mara 8 hivi ya uzito wa mwili.

Kwa nini upande wa kulia? Ukishapiga mpira, mwili wote unageukia kushoto juu ya mguu wa kushoto. Nyonga ya kushoto isipokubali kuzunguka ndani, kiwiliwili kinatafuta njia nyingine: kinalalia kulia na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili, upande wa kulia, vinabanana. Baada ya mashimo 12 misuli ya makalio imechoka, na hapo ndipo unapoanza kusikia maumivu.

Jipime leo. Kaa ukingoni mwa meza imara, miguu ining'inie, magoti yakae pamoja. Bila kusogeza paja, peleka unyayo wa kushoto nje kadiri unavyoweza. Hapo nyonga inazunguka ndani. Rudia kulia. Mtu akikushikia simu yenye programu ya kupima pembe kwenye mfupa wa mbele wa mguu, utapata namba kamili. Chini ya nyuzi 30, au tofauti ya wazi kati ya kushoto na kulia, ni jambo la kufanyia kazi. Angalia kalio lisinyanyuke mezani, maana hapo unajidanganya. Kisha kaa kwenye kiti, bana mto katikati ya magoti, pitisha fimbo kifuani ukiishikilia kwa mikono iliyopishana, ugeuke. Fimbo ifike nusu ya pembe mraba, yaani nyuzi 45, kila upande, na magoti yasisogee.

Mtaalamu wa fiziotherapia atapima zaidi ya hayo: nguvu ya makalio, kusimama kwa mguu mmoja, jinsi unavyoinama, na kama maumivu yanaongezeka ukirudi nyuma au ukiinama mbele. Kwako mazoezi ya kuanzia huenda yakawa haya, kila siku, kama dakika 15.

La kwanza, lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimeachana kuliko upana wa nyonga. Angusha goti la kushoto kuelekea ndani, shikilia sekunde 5, rudisha. Mara 10, kisha mguu wa pili. Kikibana mbele kwenye kinena, acha na umwambie mtaalamu. Huenda ni kiungo chenyewe wala si misuli, na kukilazimisha kutakiudhi.

La pili, lala ubavu, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa pembe mraba, mto katikati ya magoti. Fungua mkono wa juu kuelekea nyuma kifua kikigeuka nao, toa pumzi polepole, rudi. Mara 8 kila upande. Wengi hapa huacha goti la juu linyanyuke, na zoezi la kifua linageuka kuwa la kusokota kiuno.

La tatu, piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa sekunde 8 hadi 10, kisha badilisha. Anza na marudio 6 kila upande, pumzika, 4, pumzika, 2. Mguu usipande juu ya usawa wa makalio, maana kiuno kitabonyea. Ongeza planki ya ubavu, yaani kulala ubavu na kunyanyua nyonga ukiegemea kiwiko, na mwanzoni ukiegemea magoti, kwa mpangilio huohuo wa sekunde na marudio.

Nyonga ngumu haifunguki kwa wiki moja. Ipe wiki 6 hadi 8. Wakati unasubiri, kuna la kufanya uwanjani. Geuza ncha ya mguu wa kushoto nje nyuzi 20 hadi 30 unapojipanga. Ruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke kidogo fimbo inapokwenda nyuma, ili nyonga igeuke pamoja na mabega. Malizia umesimama wima, si umepinda nyuma kama upinde. Unaweza kupoteza umbali kidogo, na mwalimu wako anaweza kununa. Mwelezeni pamoja na mtaalamu wako.

SWALI: Nina miaka 63. Kipimo cha MRI kinaonyesha diski imetokeza. Nimeambiwa nisizungushe mgongo tena maisha yangu yote. Nacheza asubuhi na mapema. Ndiyo basi?

JIBU: Shikamoo mzee. Picha peke yake haitoshi kukutoa uwanjani. Diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizotokeza huonekana pia kwa watu wengi wa rika lako ambao hawaumwi popote. Linaloamua ni dalili zako na uchunguzi wa mwili.

Usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukipata ganzi sehemu za siri na unapokalia, mkojo au haja kubwa ikakushinda, au mguu ukazidi kuishiwa nguvu. Maumivu yanayokuamsha usiku hata ukibadili mkao, homa, au kupungua uzito bila sababu, nayo yanamhitaji daktari kwanza kabla ya zoezi lolote.

Kama hakuna hayo, angalia ile asubuhi yako. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba, hivyo zinaumia kirahisi ukiinama. Amka angalau saa moja kabla ya kupiga mpira wa kwanza, tembea, na usiiname kwa nusu saa ya mwanzo. Uwanjani pasha mwili dakika 10: tembea haraka, geuza kiwiliwili taratibu, kisha anza na weji, fimbo fupi ya mipigo ya karibu, ukiivuta nusu tu. Drayva, ile fimbo ndefu ya mipigo ya mbali, iwe ya mwisho. Kuokota mpira, egemea fimbo kwa mkono mmoja, nyoosha mguu mmoja nyuma, inamia nyongani.

SWALI: Nimepona kwa kiasi kikubwa baada ya wiki 5 za fiziotherapia. Nirudi vipi? Jumapili nilipiga mipira 100 kwa drayva na Jumatatu sikuamka.

JIBU: Dada, hesabu kidogo. Mzunguko wa mashimo 18 una mipigo ya nguvu kama 40, tena imetawanyika kwa saa nne. Wewe umepiga zaidi ya mara mbili ya hiyo kwa mkupuo mmoja, kwa fimbo ndefu kuliko zote.

Ukiweza kutembea dakika 30 bila maumivu kupanda, wiki ya kwanza piga mipigo mifupi 20 hadi 30, siku moja ndiyo, moja hapana. Puta nayo, yaani kusukuma mpira taratibu uingie shimoni, fanya dakika 10 tu kisha nyooka. Kuinama huko kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Wiki ya pili, vuta fimbo nusu tu, kwa weji na fimbo ya chuma namba 9, mipira 30. Ya tatu, ivute robo tatu, kwa chuma namba 7. Ya nne, mashimo 9 bila drayva, ukisukuma kitoroli badala ya kubeba mfuko. Drayva irudi wiki ya tano, mipira 10, na mashimo 18 baadaye. Kati ya mpira na mpira rudi nyuma hatua moja, pumua, jipange upya.

Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika kama yamekwisha asubuhi inayofuata. Yakibaki, rudi hatua moja nyuma.

SWALI: Mkanda wa kiuno je?

JIBU: Unaweza kukupa ujasiri siku chache maumivu yakiwa makali. Hauifungui nyonga wala hauipi misuli nguvu, kwa hiyo uvue mara unapoweza kutembea vizuri.