Nyumba za Rajasthan zilipoaje bila feni?
Ndugu, umeuliza watu wa Rajasthan, kule India, waliwezaje kukaa jangwani bila feni. Ukuta, ua wa ndani ya nyumba na kivuli ndivyo vilivyofanya kazi. Nyumba za kale za Jaisalmer, mji wa jangwani huko Rajasthan, zina kuta nene za mawe ya mchanga: joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya, na likifika ndani, nje kumeshapoa. Vichochoro navyo ni vyembamba makusudi, nyumba moja huikinga nyingine na jua.

Kinachonivutia zaidi ni kile wanachokiita jali, yaani bamba la jiwe lililotobolewa nakshi kama kimia. Jua kali hukatwa, mwanga hubaki, na upepo ukijipenyeza kwenye vitundu vile huongeza kasi. Tazama Hawa Mahal, jumba la kifalme katika mji wa Jaipur, Rajasthan, lililojengwa 1799: lina madirisha 953, na ghorofa tatu za juu zina kina cha chumba kimoja tu, kwa hiyo upepo unaingia huku na kutokea kule. Inaniuma sana kuona miji hiyohiyo leo ikiinua majengo ya vioo vitupu, halafu viyoyozi vinanguruma mchana kutwa.