Aliliona kosa siku tisa kabla, akaogopa kuniambia

Juzi usiku msomaji mmoja, kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, aliniandikia: "Shikamoo kaka. JavaScript na Python naziweza. Niongeze lugha gani ya tatu ili nipande haraka kazini?" Nikaanza kumjibu kuhusu lugha za kuandikia programu. Nilipofika aya ya pili nikafuta yote. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, na kila niliyemuuliza alinitajia lugha. Hakuna aliyenigusia jambo lililokuja kuninyima cheo.

Mdogo wangu, mimi kazi nilikuwa naijua, na nalisema hili bila kuona haya. Kulikuwa na ripoti iliyokuwa ikichukua sekunde 40 kufunguka. Niliifanya ifunguke chini ya sekunde moja, kwa kuweka faharasa (orodha ya kutafutia data haraka) mahali pake kwenye hifadhidata na kuacha kuvuta jedwali zima. Seva ikigoma usiku, mimi ndiye niliyepigiwa simu. Niliamini hayo yanatosha.

Kisha akajiunga nasi dada mmoja, mgeni kabisa kwenye kazi hii. Wiki yake ya pili alileta msimbo wake, yaani maandishi ya programu aliyoiandika, tuupitie. Alikuwa ameandika kitanzi (amri inayojirudia) kinachoiuliza hifadhidata upya kwa kila mteja: wateja 1,000, maswali 1,000, wakati swali moja lingemaliza kazi. Ni kosa la kawaida, kila mmoja wetu amewahi kulifanya. Ningeweza kumweleza kwa mstari mmoja. Badala yake niliandika, mahali ambapo timu nzima inasoma: "Hivi hii umeijaribu hata mara moja, au unatupotezea muda?"

Alirekebisha, akashukuru. Tangu siku hiyo hakuniuliza kitu tena, na mimi nikadhani ameiva.

Miezi kadhaa baadaye mteja akalalamika kwamba hesabu zake za kila siku hazilingani na benki. Malipo yaliyofanyika karibu na saa sita usiku yalikuwa yakiangukia siku isiyo yake. Seva ilihifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na ripoti ikausoma kana kwamba ni saa za mahali alipo mteja. Ripoti hiyo niliiandika mimi. Kwenye kikao meneja aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuliona hilo kabla. Kimya. Yule dada akafungua daftari lake. Alikuwa ameliona siku tisa kabla ya mteja, na ameandika mpaka mifano ya malipo matatu, kila moja na saa yake. Meneja akamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwa sauti ya chini, "Nilidhani nimekosea mimi." Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nafasi ya kiongozi wa timu ilipotangazwa, alipewa mwenzangu ambaye msimbo wake nilikuwa naurekebisha mara kwa mara. Nilipomfuata meneja kuuliza sababu, alinijibu maneno manne: "Watu wanamwendea yeye kwanza." Nililala na maneno hayo wiki nzima. Hata leo, ninapoyaandika, yananichoma.

Tusidanganyane kwamba haya ni mambo ya timu changa. Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika Mars. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni za metriki. Kosa la hesabu ni hilo. Lakini kuna waongozaji wa safari waliokuwa wameona namba haziendi sawa, na wasiwasi wao haukufuatiliwa ipasavyo. Kila nikisoma habari ile naliona lile daftari. Naye Linus Torvalds, aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991 na Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, mwaka 2005, mnamo Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa lugha kali ya barua pepe zake, akajiweka pembeni kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Kama mtu wa kiwango chake aliona haja hiyo, mimi na wewe ni nani hata tujione tumekamilika?

Kwa hiyo jifunze lugha ya tatu, sikukatazi. Usiyejua kazi hutaokolewa na ucheshi, seva haichekeshwi. Lakini jiulize leo: mara ya mwisho mtu mdogo kwako kuja kukuonyesha kosa lako ilikuwa lini? Kama hukumbuki, usijipongeze. Makosa yapo, ila wanaoyaona wanayafungia kwenye madaftari yao. Ukipitia msimbo wa mwenzako, ongelea msimbo, mwenyewe muache. Uliza kabla ya kuhukumu: "Kitanzi hiki kitafanyaje wateja wakifika 1,000?" Jambo gumu mpelekee pembeni, zuri liseme mbele ya wote. Ukikosea, kubali mapema na kwa sauti, ili wengine waone kwamba kukosea hakuui mtu. Na sikiliza, ndugu yangu. Sikiliza mpaka mwenzako amalize sentensi yake, hata kama jibu umeshalijua.

Yule dada alihamia kwingine kabla mwaka haujaisha. Mimi ilinichukua mwaka mwingine mzima kupata ujasiri wa kumwandikia na kumwomba radhi. Alinijibu siku hiyohiyo, kwa upole, akauliza kama ile ripoti ya saa sita usiku ilikuja kukaa sawa. Nikamwambia ndiyo, ilikaa sawa, na kwamba niliijaribu kwa malipo yale matatu aliyoyaandika.