Re: Jina Attenborough limetokea wapi?

Mkuu umeuliza Attenborough ni jina la wapi na mbona halisikiki sana. Hilo ni jina la kijiji kabisa, kipo Nottinghamshire, Uingereza, pembeni ya mto Trent, na maana yake ni boma la mtu aliyeitwa Adda au jina linalofanana na hilo. Sasa zamani kule ukihama kijijini kwenu ndo unaitwa kwa jina la ulikotoka, maana ukibaki nyumbani kila mtu ni wa hapohapo, jina lingetofautisha nani? Na kijiji kikiwa kidogo wanaotoka ni wachache, ndo maana majina ya hivi huwa adimu na yanabaki yamejazana jirani na chimbuko. Cheki yule mzee wa filamu za wanyama, David Attenborough: yeye kazaliwa London 1926, ila baba yake Frederick kazaliwa Stapleford, kilomita chache tu kutoka kijijini! Na 1966 David mwenyewe ndo alifungua hifadhi ya mazingira asilia hapo Attenborough, kwenye mashimo ya zamani ya kuchimba kokoto yaliyojaa maji. Ukitaka kufuatilia ukoo anza na rejista za parokia (vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi), kule zilianza kuandikwa 1538.