Jibu kwa ndugu wa Kigoma: matishali makubwa kufika Kindu, faida ipo, ila shida haiko pale unapodhani

Ndugu uliyeuliza kutoka Kigoma, swali lako ni hili: kama shehena inavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, na reli ipo kutoka Kalemie kupitia Kabalo na Kongolo hadi Kindu, kwa nini Kongo wasichimbe mchanga wa Lualaba, yaani mto Kongo wa juu, ili matishali makubwa (maboti bapa ya mizigo) yachukue mzigo Kindu na kuushusha Kisangani, hata Kinshasa? Nimefanya biashara ya mchele kwenye mto huo miaka tisa, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona na yaliyonigharimu.

Tuanze na ramani. Kutoka Kindu hadi Ubundu mto unapitika, kama kilomita 300. Ukishafika Ubundu, mbele yako kuna maporomoko saba ya Boyoma, yametawanyika karibu kilomita 100 mpaka Kisangani, na chombo hakipiti. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, ikamalizika 1906. Kisangani mto unafunguka tena, zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa bila poromoko hata moja. Kwa hiyo mzigo wako wa Kigoma hadi ufike Kinshasa utahamishwa mara nne: Kalemie, Kindu, Ubundu, Kisangani. Kila mahali kuna makuli, ghala, kodi, wizi na mvua. Hesabu hiyo iweke kichwani kabla ya kufikiria mtambo wa kuchimba mchanga.

Sasa faida, maana ni kubwa na sitaki mtu aseme naukatisha tamaa mradi. Tishali moja la tani 500 linabeba mzigo wa malori ishirini ya tani 25, na linaupeleka sehemu ambazo lori halifiki kabisa. Maniema, mkoa wa Kindu, inalima mchele tangu enzi za Waungwana, wale Waswahili wa biashara ya misafara, wa Kasongo na Nyangwe, na mkulima wa kule hana tatizo la kulima. Tatizo lake ni mpunga kukaa nyumbani mpaka panya waufaidi. Nimekuwa sokoni Kindu siku tishali la chumvi na sabuni linatia nanga. Kabla ya jioni akina mama walikuwa wameshapunguza bei wenyewe, kopo kwa kopo, bila kuambiwa na mtu.

Lakini sikia safari yangu ya tatu. Nilikuwa na magunia 80 ya mchele, tishali mbili zimefungwa pamoja na boti la kusukuma nyuma. Mbele kabisa wamesimama vijana wawili, kila mmoja na upondo uliopakwa pete nyekundu na nyeupe. Wanauchovya majini, wanainua mkono kumwonyesha nahodha kina, wanauchovya tena, kutwa nzima. Siku ya pili mchana mkono wa kijana wa kushoto ukashuka ghafla. Nahodha akazima injini papo hapo, lakini chombo kizito hakisimami kama baiskeli. Tukapanda fungu la mchanga, tukapwelewa siku sita. Magunia ya chini yakanywa maji, na siku ya nne nilisikia harufu ya mchele unaooza.

Yule nahodha simlaumu. Boya la pale lilishachukuliwa na mafuriko, na alama yake ilikuwa mti mkubwa ukingoni. Ule mti ulikuwa umeanguka.

Watu wengi hawalielewi hili. Mchanga wa Lualaba unatembea. Ukichimba njia mwaka huu, mafuriko yakija mkondo unahamia upande wa pili wa kisiwa, na pesa yako imezikwa. Kuchimba mara moja kisha kukata utepe si kurefusha usafiri wa mto. Kinachorefusha ni mashua ya kupima kina inayopita kila msimu, maboya yanayorudishwa yakichukuliwa, na mtu anayelipwa mshahara wa kusoma kipimo cha maji kila asubuhi. Kazi hiyo haina picha nzuri ya gazetini, ndiyo maana haifanyiki.

Ubundu ndipo roho yangu inapouma hadi leo. Mchele uliokuwa umeshuka kilomita 300 kwa bei ya kawaida ulikaa ukingoni wiki tatu ukingoja behewa, juu yake turubai lenye matundu. Mwishowe niliwapa vijana wa baiskeli, gunia mbili mbili, wakazisukuma kwenye tope la msituni siku kadhaa hadi Kisangani. Zile kilomita 125 zilinila pesa kuliko mto wote. Mwambie yeyote anayepanga mradi huu: hata ukiweka tishali la tani 1,000 Kindu, kama Ubundu hakuna ghala, winchi na mabehewa ya uhakika, umehamisha msongamano tu.

Kuna wanaopendekeza kulipua miamba ya Boyoma au kuchimba mfereji wa kuyazunguka maporomoko. Mimi napinga wazi. Pale Kisangani, Wagenia wanavua kwa mitego mikubwa ya miti waliyoisimika katikati ya maji yanayochemka, kazi waliyorithi kwa babu zao. Huwezi kuwaondolea poromoko ukawaachia maisha. Na hata kwenye maji tulivu, boti kubwa likipita kwa kasi linainua mawimbi. Nimemwona mama mmoja kwenye mtumbwi, madumu yake ya mawese yakienda na mkondo, naye ameshika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili. Hakuna aliyesimama. Sheria ya mwendo karibu na vijiji iwepo kabla ya chombo cha kwanza kikubwa, na anayeivunja alipe.

Mimi ningeanza na maboya na vipimo vya maji Kindu hadi Ubundu, pamoja na matishali yasiyozama sana ili kiangazi yasikwame. Wakati huohuo reli ya Ubundu itengenezwe. Mtambo wa kuchimba uje baada ya hapo, ukafanye kazi pale palipopimwa.

Na kwa kuwa umesema una chumvi inayongoja Kigoma: ipeleke Kindu, iuze palepale, soko lipo. Usikubali kuipeleka Kisangani kwa ahadi ya behewa uliyopewa Kindu. Mpigie simu mtu aliyeko Ubundu, mwambie atembee hadi stesheni akuhesabie mabehewa kwa macho yake.